Casimir Hatauza Kitu

Boti lilikuwa limekwisha kuachana na mchanga wa mji wetu wa Baraka, na Florentine alikuwa majini hadi kifuani, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili, anatembea nalo. Ndani ya boti niliona vyerehani, mashine ya kukamulia mawese, mapipa, mizani, sufuria kubwa za sabuni na mabati yaliyofungwa kwa kamba. Juu ya mabati aliketi Casimir, amekunja miguu. Zaidi yake na waendeshaji wawili hapakuwa na mtu.

"Papa Casimir, Wilfried hawezi kutembea," Florentine alikuwa akisema. "Unamuona pale. Miguu imevimba. Ulituambia boti ni ya batu ya kuvezi."

"Njo vile, ni ya kuvezi. Na vyombo ni vya kuvezi." Casimir hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Batu iko na miguu, mama. Mashine haiko na miguu."

"Wilfried haiko na miguu!"

"Achia. Utatupindua."

Akainama, akavifungua vidole vya Florentine kimoja kimoja, kwa adabu, kama unavyomtoa mtoto wa jirani kwenye sahani ya wageni. Mota ikashika. Florentine akabaki amesimama palepale, na mawimbi ya boti yakampiga usoni mara kadhaa kabla hajakumbuka kugeuka.

Mimi nilikuwa ufukoni kwa sababu mabati yale niliyabeba mimi asubuhi hiyo. Nimekuwa mtu wa njia tangu ujana, nabeba vitu vya watu kutoka huku kwenda kule, na Casimir alinilipa kwa vipande vya sabuni ambavyo Florentine mwenyewe alivipika.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na tisa. Habari za mauaji ya Makobola zilitufikia pamoja na mwaka mpya. Zililetwa na watu waliopita barabarani bila kumsalimu mtu, na kwetu sisi, tunaosalimiana mpaka na mtu asiyetudai chochote, hilo lilitosha. Baraka ikawa inajimwaga: wengine kwa maji, wengine kwa barabara ya Fizi, wengine porini tu.

Nieleze hiyo kuvezi. Ilianza kabla ya vita hii ya pili. Chama kimoja cha jimbo kilitaka kuwasaidia watu wanaoanza kazi zao, na kikamleta Casimir aisimamie, mwana wa Baraka aliyesomea Bukavu. Siku ya kutangaza alisimama kanisani, kisha akaenda kusimama na mbele ya msikiti, akasema: "Kuvezi imefika. Kila mwenye kitu kidogo akilete, tutakilea mpaka kisimame." Sasa kuvezi, kwa Kifaransa, ni ile mashine ya kuatamia mayai badala ya kuku. Wale waliowahi kufanya kazi kwa mapadre waliijua, wakawaeleza wengine. Basi Jumatatu bamama wakajipanga mlangoni na vikapu. Mayai ya kuku, mayai ya bata, mmoja alileta hata ya kanga.

Casimir alicheka mpaka akakaa chini. Florentine ndiye alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na mayai yake ya bata, akaambulia jina: Mama Mayai. Lakini baada ya kucheka Casimir alimuuliza, "Na mbali na mayai, mama, unajua nini?" Akajibu anajua sabuni. Akaingizwa siku hiyohiyo.

Na nisiseme uongo, kuvezi ilikuwa kitu kizuri. Ghala moja kubwa liligawanywa kwa mbao, kila mtu na chumba chake. Mwenye wazo aliketi kwanza kwenye benchi na kueleza nani atanunua, siyo nini atatengeneza. Akikubaliwa, alipewa mahali, akapewa kutumia vyombo ambavyo peke yake asingevinunua mpaka kufa, akapewa na mlezi, mfanyabiashara mzee wa kutembea naye bandarini na sokoni, amfundishe kuongea na watu wa ushuru na kuficha hofu mbele ya mnunuzi mkubwa. Ukishaweza kusimama walikupigia makofi, ukatoka, na mwingine akaingia mahali pako. Walisema umeanguliwa. Sabuni ya Florentine ilitoka pale. Mawese, majivu ya maganda ya ndizi, na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Ilitoa povu hata kwa maji ya ziwa. Casimir mwenyewe alizunguka nayo kwenye zahanati na mashule kutafuta wanunuzi. Mpaka siku ya boti sikuwahi kusikia mtu akimsema vibaya.

Wilfried, mume wa Florentine, tulimbeba kwa machela ya miti na kitenge. Alikuwa mtu wa mzaha. Kwenye mpando wa kwenda Fizi, jasho likimtoka na meno yakigongana, akaniambia: "Fabien, mungenifunga bati ku mugongo. Casimir angenichukua." Tukacheka sote, na Florentine akacheka. Tulipofika pale mawe yanapoanza tukasikia machela imekuwa nzito kwa namna nyingine. Alikuwa amekwisha.

Tulimzika kando ya njia kwa majembe ya watu waliokuwa wakipita. Florentine hakulia mbele yetu. Alipomaliza kusawazisha udongo kwa mikono alisimama akasema, kama mtu anayewaambia watu bei:

"Casimir hatauza kitu ku hii ziwa wakati mi niko muzima."

Hapo mimi nilidhani ni uchungu tu unaosema. Nilikosea.

Tulifika Kilembwe pamoja na watu wengi. Mahali pa milimani, mihogo ipo, hofu ipo kidogo, biashara ndogondogo. Florentine alipata ghala la zamani la pamba lisilo na milango, akalifagia, akagawanya kwa mikeka. Akaweka benchi mbele. Watu wakauliza ni kanisa jipya? Akawaambia, "Ni kuvezi." Wenyeji wa Kilembwe hawakujua Kifaransa wala habari ya mayai, wakadhani ni jina la marehemu mume wake. Mpaka leo wapo wanaoamini hivyo.

Mimi niliendelea na njia zangu, na ndimi niliyemletea habari ya kwanza: Casimir yuko Kazimia. Amepanga nyumba karibu na bandari, ameweka sufuria, anapika sabuni.

"Sabuni gani?"

"Yako, Mama. Ameipiga muhuri wa jina lake."

"Inatoa povu?"

"Inatoa, lakini haiendi mbali."

"Hakujua kile kingine," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake tangu mazishi.

Akawaita bamama wakimbizi waliokuwa wakishinda bila kazi, akawafundisha sabuni yote, na kile kingine pia, ambacho hata dada zake hakuwahi kuwaambia. Aliwatafutia mawese kwa wakulima kwa kukopeshana hadi mavuno. Alitembea nao, akawasimamisha mbele ya wanunuzi, akawanyamazisha walipotaka kupunguza bei kwa woga. Kila alichofanyiwa Baraka alikifanya, na kwa bidii kuliko kule. Hakudai walipe chochote. Alikuwa na sharti moja tu.

"Utauzia ku Kazimia. Siyo pembeni. Mbele ya meza ya Casimir, akuone."

Haukupita msimu, sabuni ya Casimir ikawa inanunuliwa na wapita njia tu. Akaiacha, akajenga tanuri, akaanza mikate. Nilipopanda Kilembwe Florentine hakunisalimu. Hiyo ndiyo ikawa kawaida yake, kuuliza kwanza:

"Anauzaka nini sasa?"

"Mikate."

Akageuka kuangalia benchi. Kulikuwa na watu wameketi na mawazo yao, na mmoja wao alikuwa Latifa, mtoto wa ukoo wa Waislamu wa mwambao, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyekimbia na mdogo wake Yasini. Latifa alikuja na wazo la kuuza chumvi.

"We Latifa, unajua kuchoma mikate?"

"Mi? Najua kuikula."

"Inatosha. Ingia."

Akamtafutia mzee aliyewahi kuwaokea mapadre, amfundishe. Wakajenga tanuri la udongo wa kichuguu, wakaunguza unga mpaka mbuzi wa Kilembwe wakanenepa. Latifa alilia, akatukana, akaiweza. Alipoteremka Kazimia na mikate yake, watoto waliifuata harufu mpaka mlangoni kwake, na tanuri la Casimir likapoa. Casimir akahamia samaki wa kukausha. Florentine akamwangua Yasini.

Sasa kulikuwa na binti anaitwa Ketsia, fundi wa kushona. Huyu alikaa benchi zaidi ya wote. Cherehani alikuwa nayo mwenyewe, ameibeba kichwani kutoka Baraka. Alihitaji tu mahali pakavu na mtu wa kumtafutia kazi ya sare za shule. Siku moja, nikiwepo, alisimama mbele ya Florentine.

"Mama, mi naomba kushona. Ni mwaka niko hapa nashona matako ya suruali ya batu bure."

"Casimir hashoni."

"Najua hashoni."

"Basi ngojea mpaka ashone."

"Na kama hatashona?"

Florentine akamwangalia kama vile swali lile halikuwahi kumpitia kichwani. Watu kwenye benchi wakaanza kucheka chinichini. Latifa, aliyekuwa amepanda kuchukua kuni, akapasuka kabisa. "Ketsia, mudogo wangu, shuka uende umuombe Casimir aanze kushona! Njo utaanguliwa!"

Florentine naye hakujizuia, akacheka kidogo, akampa Ketsia kona ya ghala. Lakini hakumtafutia mnunuzi. Ketsia alijitafutia.

Halafu ukaja ule msimu nilioteremka Kazimia nikapotea njia kwa sababu mji umebadilika. Palipokuwa na nyasi palikuwa na meza. Sabuni, mikate, samaki wa Yasini wamepangwa kama vigae, mafuta, unga, na wateja kutoka ng'ambo. Watu wa Florentine walikuwa wameifanya Kazimia soko. Nikamtafuta Casimir kwenye meza, sikumuona. Nikamkuta bandarini, amevaa kofia mpya, ameketi kwenye kivuli cha boti lilelile la Baraka, limepakwa rangi ya kijani.

"Muzee Fabien! Karibu. Bado unamutumikia Mama Mayai?"

"Situmikii mtu. Napita tu. Unauza nini siku hizi?"

"Siuzi kitu," alisema, akafungua mikono kunionyesha kwamba ni mitupu. "Nilichoka kuuza. Sasa mi nabeba. Ile sabuni yote unaona pale, nani anaivusha? Samaki ya Yasini, unga ya ngano ya Latifa? Boti ni moja tu, ni yangu, na wenye bunduki wamenipa bandari. Kila mutu anayeanguliwa kule juu ni muzigo wangu hapa chini." Akaniegemea sikioni. "Muambie asante. Kweli, bila muchezo. Muambie aongeze batu."

Nilitembea na maneno hayo mpaka Kilembwe, na njia nzima nilikuwa nafikiria kuyapunguza. Sikuyapunguza. Florentine alikuwa anapepeta maharage. Aliniuliza kama kawaida, anauza nini sasa, nikamwambia. Alinifanya nirudie neno kwa neno. Kisha akaweka ungo chini.

"Nilisema hatauza kitu."

"Na hauzi, Mama."

"Nilikosea neno," alisema. "Ningesema hatakula."

Kwa siku kadhaa ghala lilikuwa kama limefiwa upya. Alikuja, akaketi, hakumwita mtu kutoka benchi. Kisha asubuhi moja nikamkuta amefunga kitenge cha safari. Tangu Baraka hakuwahi kulikaribia ziwa. Sasa akasema anateremka Kazimia, na Ketsia akaandamana naye kubeba mzigo, au kumchunga, sijui.

Casimir ndiye aliyemsaidia, bila kujua. Wiki zilezile alipandisha nauli. Alikuwa na sababu: kamanda wa bandari alizuia maboti mengine, lake lifanye kazi peke yake, na yeye akaahidi kutoa fungu la kamanda kwa kila siku ya soko, boti likijaa lisijae. Ndivyo walivyokubaliana. Alifikiri haliwezi kukosa kujaa.

Tulikutana uani kwa Latifa, mchana, kando ya tanuri. Walikuwepo bamama wa sabuni, Yasini, Ketsia, wengine walioanguliwa. Florentine aliwaambia wasimpe Casimir mzigo hata mmoja mpaka aanguke.

Yasini alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu kwa moshi wa samaki. Akasema, "Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini mi sina vita na Casimir. Boti yake haivuji. Ananisalimu."

Hapo ndipo Florentine alipowasimulia. Wengi wao walidhani ugomvi ni wa muhuri wa sabuni na sufuria. Akawaambia habari ya boti, vidole vyake, machela, mawe ya mpando wa Fizi. Hakupamba.

"Kwa hiyo sisi wote," Latifa alisema polepole, "ulituangua juu ya hasira?"

"Ndiyo."

"Na mi nilifikiri ni upendo! Nilikuwa nakuombea ku kila swala!" Akapangusa unga mikononi. "Haya. Hasira yako imenijengea nyumba, Mama. Siwezi kuirudisha."

"Pole ya Papa Wilfried," Yasini akasema. "Pole kabisa. Lakini nikikubali, nakubali juu ya nauli. Usije ukasema kesho kwamba ni juu ya kisasi. Mi ni mutu wa nauli."

"Sawa," Florentine akasema. "Chukia nauli. Mi nitachukia ile ingine."

Wakakubaliana. Na hapo malezi ya kuvezi yakaonekana, maana hawakufanya kama watu waliokasirika, walifanya kama wafanyabiashara. Walikaa wakapanga kipi kinaweza kungoja. Sabuni ikingoja inakauka, inakuwa ngumu, inapendwa zaidi. Samaki wakarudishwa kwenye moshi mara ya pili wakawa kama kuni, wakabebwa kwa migongo kwenda Lulimba na Kilembwe, mimi nikiwa mmoja wa migongo. Mikate ililiwa palepale. Ngano ilipokwisha Latifa akachanganya unga wa muhogo, na wateja wakalalamika, wakanunua.

Siku ya soko boti la kijani lilikaa majini likicheza peke yake. Casimir alisimama ufukoni akiita majina ya miji ya ng'ambo, kwanza kwa mzaha, halafu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Florentine alikuwa ameomba kiti kwa Latifa. Akakiweka pale anapoonekana vizuri, akaketi, akamtazama mpaka jua la mchana. Soko lililofuata vilevile. Lililofuata tena, vijana wa kamanda wakaja wakafungua mota, wakaondoka nayo mabegani.

Siku iliyofuata Casimir akaja uani. Alikuwa amevua kofia. Watu wakampisha. Florentine alikuwa akikata sabuni kwa waya pamoja na bamama, hakuacha.

"Florentine."

Akasogeza kipande kingine.

"Safari moja tu. Wasemeshe wanipe muzigo wa safari moja, kamanda ataniazima mota, nilipe deni yake, boti mutachukua nyinyi. Mi sitaki tena boti. Bakikosa kitu leo hawatachukua mbao ya boti tu. Watanichukua mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliuliza kwanza. Kabla sijaketi ku kile kiti niliuliza kamanda anafanyaka nini na batu kama we."

Casimir akageuka kututazama mmoja mmoja, akarudi kwake. "Mi nilitaka kurudi kuwachukua. Mungu anajua. Niliweka vyombo hapa, nikatafuta mafuta ya mota, mafuta hakuna. Kama ningeacha zile mashine, Baraka ingezichoma, leo hakuna kuvezi, hakuna kitu. Nilifikiri: batu watapatikana, mashine haitapatikana tena."

"Hukurudi."

"Sikurudi."

"Mafuta yalipopatikana, ulifanya nini nayo?"

Waya wa sabuni ulipita, kipande kikaanguka mezani.

"Nilianza kuvusha batu," Casimir akasema. "Kwa nauli."

Ketsia ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mama. Safari moja. Halafu aende."

"Hapana."

"Mama, batamuua."

"Hapana, Ketsia." Hakukuwa na ukali ndani yake. Alisema kama mtu anayekataa chumvi kwenye chakula. "Mutu asiniombee. Kila mutu hapa ana mikono, anaweza kumupa muzigo wake mwenyewe. Mi simukatazi mutu. Ila mi, hapana."

Na hapo ndipo pabaya, kwa sababu alisema kweli, hakuwa amemfunga mtu. Wote pale walikuwa na mizigo. Nilimwona Yasini akiangalia samaki wake. Nauli ilikuwa imekwisha kuwa si kitu; Casimir angewavusha kwa nauli yoyote siku ile. Yasini akafungua mdomo, akamwangalia Florentine, mikono yake inayokata, inayokata, akaufunga. Bamama wa sabuni wakainama kwenye kazi. Latifa aliingia ndani, akatoka na mkate mzima, akamwekea Casimir mkononi.

"Kula, kaka. Huu ni wangu, hauko wa mutu mwingine."

Alikula akiwa amesimama. Alikula wote, kwa haraka, makombo yakimwangukia kifuani. Akasema asante, akatoka. Vijana wa kamanda walimkuta njiani kabla hajafika bandarini.

Florentine alimaliza kukata sabuni, akaipanga kwenye majani, akanawa. Nilimuuliza jioni hiyo kama moyo umetulia. Akaniambia, "Ungeniuliza kama niko na njaa, ningejua kujibu."

Yaliyowapata watu wale ni haya.

Casimir hakuuawa. Walimbebesha mizigo yao milimani msimu wote wa mvua, sikio moja likafa kwa kipigo, akawatoroka, akavuka kwenda Kigoma. Alirudi Baraka baada ya uchaguzi, akafundisha hesabu shule moja ya msingi mpaka mwaka alipougua tumbo akafa. Mazishi yalikuwa na watu wengi.

Boti lilichukuliwa na kamanda. Lilizama karibu na Ubwari likiwa na askari na mbuzi. Mbuzi wengine walifika nchi kavu.

Yasini alinunua sehemu ya boti jingine, akafa ziwani kwenye upepo wa mwaka elfu mbili na tatu. Maiti haikuonekana.

Latifa yuko Kazimia. Ana tanuri mbili na wakwe wasiomwogopa.

Bamama wa sabuni walitawanyika. Mmoja nilimkuta Uvira, anauza vitunguu.

Ghala la Kilembwe Florentine hakuliingia tena alipopanda kutoka Kazimia. Alikaa nyumbani. Ketsia alilichukua, akaingiza mafundi wa kushona, mfua vyuma mmoja na kijana wa kutengeneza redio, mpaka mapigano yalipofika na paa likaungua. Akakimbilia kambi ya Lugufu ng'ambo, akashona huko. Sasa yuko Baraka, ana vyerehani vya kutosha na mume wa pili.

Florentine naye yuko Baraka. Alihamisha mifupa ya Wilfried kutoka mpandoni, akamzika upya nyuma ya nyumba. Anapika sabuni mwenyewe, hafundishi mtu. Siku ya mazishi ya Casimir alifungua meza yake kama kawaida, na kwa kuwa watu wote walikuwa makaburini, hakuuza.

Mimi niko Misisi kwa sasa. Nikipona mguu nitateremka ziwani.